Kundi la Njia: Kuwaunganisha Wanafunzi wa Shule ya Msingi Kengele Ikishalia

Kengele ya mwisho katika shule nyingi za vijijini ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Ikigongwa, madarasa huyeyuka. Mwanafunzi wa darasa la sita haondoki na wenzake wa darasa la sita. Huondoka na mdogo wake wa darasa la kwanza, binamu yake wa la tatu na mtoto wa jirani wa la nne. Haupiti muda mrefu shule nzima imegeuka mistari minne au mitano. Mmoja unaelekea mbugani, mwingine unapita kati ya majabali, mwingine unafuata kingo za lami, mwingine unashuka korongoni. Hakuna mwalimu aliyeipanga mistari hiyo. Imepangwa na mahali watoto wanapolala.

Makala haya ni ya walimu, kamati za shule na wazazi wa mkoa wa Singida wanaotaka wanafunzi wa shule ya msingi wasaidiane hata nje ya darasa. Mara nyingi jambo hili likitajwa tunafikiria klabu: mwalimu mlezi, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na daftari la mahudhurio linaloanza kushika vumbi muhula wa pili. Klabu yenye mlezi mwenye muda ni jambo jema. Ila shule nyingi zina walimu wachache wenye vipindi vingi, na klabu ya nne au ya tano hugeuka mzigo tu. Ushauri wetu ni kuanza na ushirikiano ambao tayari upo kila siku saa nane na nusu mchana: watoto wa kitongoji kimoja, wapitao njia moja. Tuuite kundi la njia. Kinachokosekana humo ni kazi ndogo ya kufanya pamoja na mtu mzima wa kuwauliza imekwendaje.

Kwa nini njia, si darasa

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,008,058 mkoani Singida, mkoa wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 49,000. Hiyo ni kama watu 41 kwa kila kilomita ya mraba. Ukitoka mjini na kwenye vituo vya barabarani unaiona hesabu hiyo kwa macho: tembe moja hapa, nyingine ng'ambo ya shamba la mtama, nyingine nyuma ya jabali. Wanafunzi wawili wa dawati moja wanaweza kuwa wanakaa pande mbili tofauti za kijiji. Mwalimu akiwaambia wakasome pamoja jioni, amewatuma safari. Lakini kila mmoja wao ana jirani anayesoma shule ileile, darasa jingine.

Sababu ya pili ni lugha. Mtoto wa Singida huenda anaongea Kinyaturu nyumbani, au Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo upande wa Manyoni, Kisukuma au Kitaturu. Na katika wilaya ya Mkalama wapo watoto wa Wahadzabe. Anapoingia darasa la kwanza, Kiswahili cha mwalimu kinaweza kuwa kigeni kwake, hasa mwalimu akiwa ametoka mkoa mwingine. Jirani yake wa darasa la tano amepita hapohapo miaka minne iliyopita. Anajua neno la nyumbani na neno la shuleni, tena anajua lipi huwa linakwamisha.

Ya tatu ni msimu. Singida hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Shule hufunguliwa Januari, palizi likiwa limepamba moto. Mavuno huja kabla na wakati wa likizo ya Juni. Kiangazi kikikolea, mifugo hupelekwa mbali kutafuta malisho na maji. Mtoto anapoanza kukosa shule, mwalimu huona jina lisiloitikiwa. Jirani anajua zaidi: amepelekwa kuchunga, amebaki kumlea mdogo wake kwa kuwa mama anaumwa, au anaona haya kwa sababu sare imechanika. Habari hizo ndizo zinazomrudisha mtoto shuleni, nazo hupita njiani kabla hazijafika ofisini.

Wazo la mtoto kumfundisha mtoto si geni. Mwaka 1978 wataalamu wa elimu na afya jijini London walianzisha mpango wa Mtoto kwa Mtoto, ambao baadaye ulienea nchi nyingi za Afrika na Asia. Walianza na jambo ambalo kila mama wa Singida analijua: katika familia nyingi mtoto mkubwa ndiye anayembeba, kumlisha na kumtazama mdogo. Kwa hiyo akifundishwa jambo la afya, hulifikisha hadi nyumbani. Kundi la njia linafuata mkondo huohuo, likaongeza kitabu.

Hatua ya kwanza: chora ramani ya njia

Tenga kipindi kimoja. Watoe wanafunzi nje, mahali penye udongo laini, uwape vijiti. Chora shule katikati, kisha waache wachore wao: njia, korongo, kisima, duka, barabara ya magari, mahali penye mizinga ya nyuki, boma lenye mbwa wakali. Kila mtoto akasimame pale ilipo nyumba yao. Hapo utaona makundi kwa macho yako.

Kundi linalofaa lina watoto kati ya 6 na 15. Likiwa dogo zaidi, liunganishe na la jirani. Likiwa kubwa zaidi, ligawe kwa kufuata nyumba. Likiwa na wakubwa watupu au wadogo watupu, sogeza mpaka wake hadi lichanganyike. Kisha nakili ramani kwenye karatasi ya manila uibandike ofisini, na andika orodha ya kila kundi: jina, darasa, kitongoji, na mtu mzima wa kupigiwa simu au kupelekewa taarifa. Orodha hiyo ni mali ya shule. Isibandikwe ukutani nje.

Kabla hamjarudi darasani, fanya jambo moja zaidi. Waulize wasichana peke yao, halafu wavulana peke yao, ni wapi njiani wanaogopa kupita na kwa nini. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa na wanataaluma wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 kwa ajili ya wasichana wa sekondari, ulijengwa juu ya msingi huu: wanafunzi wataje wenyewe matatizo yao kabla watu wazima hawajaleta majibu. Utasikia mambo ambayo ramani ya kijiji haina: kilabu cha pombe ambacho wanaume hukaa nje yake wakiwaita, dereva wa bodaboda anayetoa lifti kila siku, korongo linalojaa ghafla mvua ikinyesha upande wa juu. Yaandike. Mengine utayapeleka kwa mtendaji wa kijiji wiki hiyohiyo.

Hatua ya pili: vinara wawili wasio na fimbo

Kila kundi liwe na vinara wawili, msichana na mvulana, mmoja wa darasa la tano na mwingine wa darasa la juu yake. Usichukue wote wawili kutoka darasa la mwisho. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na ukiisha watahiniwa wanaondoka. Kundi lililowategemea wao peke yao hufa siku hiyo. Jambo hili litahitaji uangalifu zaidi mwaka 2027, kwani chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 wamepangiwa kumaliza darasa la sita mwaka huo. Madarasa mawili yataondoka kwa pamoja. Shule isiyoandaa warithi itabaki na njia zisizo na wakubwa.

Waambie vinara kazi yao mbele ya kundi zima. Kinara anahesabu watoto, anasoma na wadogo, anatoa taarifa. Kinara hapigi, haadhibu, hatumi mtu dukani, hachukui kalamu wala chakula cha mtoto, wala habebewi begi. Haya yasemwe wazi kwa sababu desturi ya kiranja mwenye fimbo ina mizizi mirefu. Mwishoni mwa karne ya 18 Joseph Lancaster alifungua shule jijini London ambamo mwalimu mmoja aliweza kusomesha mamia ya watoto kwa kuwatumia wanafunzi wakubwa kama wasimamizi. Gharama ilishuka na mtindo huo ukaenea nchi nyingi, lakini masomo yakawa ya kukariri kwa amri na adhabu zikawa nyingi. Mtoto mkubwa akipewa mamlaka bila mwongozo huiga ukali aliouona kwa watu wazima. Mpe kitabu na daftari, umuulize mara kwa mara.

Hatua ya tatu: wape kazi ambayo mmoja haiwezi

Hapa ndipo mipango mingi hukwama. Tunawaambia watoto "shirikianeni", halafu tunawapa kazi ambayo mwerevu mmoja anaimaliza peke yake huku wengine wakimtazama. Mwaka 1971 huko Austin, Marekani, mwanasaikolojia Elliot Aronson alikutana na madarasa ambayo watoto weusi na weupe walikuwa wameanza kusoma pamoja na walikuwa hawapatani. Aliligawa somo vipandevipande, kila mtoto akapewa kipande chake ambacho wenzake hawana. Ili kulijua somo zima, walilazimika kusikilizana. Kanuni hiyo inafaa hata chini ya mwarobaini: kila mmoja awe na kitu ambacho mwenzake anakihitaji.

Zifuatazo ni kazi tano za kuanzia. Msianze zote. Chagueni moja, ikikomaa muongeze ya pili.

Kuhesabiana asubuhi. Kundi hukutana mahali palepale, kwa mfano penye mkwaju au kwenye kona ya duka. Kila mtoto ana mmoja wa kumwangalia. Asiyetokea, mwenzake anajua, na kinara anamwambia mwalimu wa zamu kabla ya kwenda mstarini. Kinara asirudi nyumbani kwa mtoto huyo kumkokota. Kazi ya kufuatilia ni ya mtu mzima.

Mfuko wa vitabu. Kila kundi lipewe mfuko wenye vitabu vitano vya kusoma vya madarasa ya chini, ulioandikwa kwenye daftari la kuazimia. Jioni mbili kwa wiki, kwa dakika 15, mkubwa na mdogo wanakaa kwenye baraza la nyumba moja kabla jua halijazama. Mkubwa anasoma sentensi, akifuata maneno kwa kidole, mdogo anairudia, kisha mdogo anaisoma peke yake. Mwisho wa ukurasa mkubwa anauliza maswali mawili: nani amefanya nini, na unafikiri kitatokea nini? Mdogo akikosea, mkubwa asicheke. Asome tena neno lile kwa utulivu, waendelee. Neno lisipoeleweka, lisemwe kwa lugha ya nyumbani. Na mdogo naye ana kazi: siku ya Ijumaa yeye ndiye anayemsimulia mwalimu walichosoma. Kwa hiyo mkubwa anahitaji mdogo aelewe, na mdogo anahitaji mkubwa asome vizuri.

Walimu wengi watasita hapo kwenye kuazimisha, kwa kuwa kitabu kikipotea mwalimu mkuu ndiye anayeulizwa. Hofu hiyo ina haki yake. Ipunguzeni kwa kuanza na mfuko mmoja kwa kundi moja, kwa kuwaeleza wazazi mapema kwamba vitabu ni vya shule, na kwa kuvikagua kila Ijumaa. Kamati ya shule iandike kwenye muhtasari wa kikao kuwa imeridhia uazimishaji na itabeba kwa pamoja hasara ndogo. Mtoto asilipishwe kitabu kilichochakaa kwa kusomwa.

Hesabu za nyumbani. Singida ni nchi ya alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji na asali, kwa hiyo hesabu zimejaa uani. Kundi lipewe swali moja la wiki: debe moja la alizeti linajaza makopo mangapi? Kuku watano wakitaga kila siku, na mayai manne yakivunjika katika wiki, yanabaki mangapi? Mdogo anahesabu kwa vizibo vya soda, wa kati anaandika, mkubwa anahakiki na kutunga swali la wiki ijayo.

Habari za wazee. Kila kundi limpate mzee mmoja wa kitongoji na kumuuliza jambo moja: jina la mlima lilitoka wapi, njaa ya zamani ilivukwaje, mlenda unakaushwaje ukakaa miezi. Wapo wazee watakaowasimulia habari za Liti, mama wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwatumia nyuki dhidi ya wakoloni wa Kijerumani, ambaye uwanja wa mpira wa Singida mjini umepewa jina lake. Mkubwa anauliza, wa kati anaandika, mdogo anachora. Baada ya muhula shule inakuwa na kijitabu chake cha kusoma, chenye maneno na watu ambao watoto wanawajua.

Michezo ya njia kwa njia. Mara moja kwa mwezi makundi yashindane kwa kupokezana kijiti, kuruka kamba, rede au bao. Mbio za kijiti ndizo bora zaidi, kwa kuwa wa darasa la kwanza lazima akimbie kipande chake na hakuna wa kumkimbilia. Wenye vipaji wataonekana mapema kabla ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi yanayoanzia shuleni na katani hadi taifa. Na mtoto akiuliza mbio zitampeleka wapi, mwambie kwamba Alphonce Simbu, aliyetwaa medali ya dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo Septemba 2025, ni mzaliwa wa mkoa huuhuu.

Hatua ya nne: dakika kumi za Ijumaa

Kila Ijumaa kabla ya kutawanyika, wanafunzi wasimame kwa njia badala ya madarasa. Kila njia iwe na mwalimu wake, ikiwezekana anayekaa upande huo. Mwalimu anauliza maswali matatu tu: Nani hakuja wiki hii na mnajua nini? Mmefanya nini pamoja? Kuna jambo lililowatisha au kuwaudhi njiani? Majibu yanaandikwa kwa mistari mitatu kwenye daftari la njia. Swali la tatu lisiishie kuulizwa hadharani tu. Mtoto aelezwe kwamba anaweza kumfuata baadaye mwalimu wa malezi, wa kike au wa kiume kama atakavyopenda.

Dakika hizo kumi zisipokuwapo, mengine yote hulegea. Mtoto aliyesoma na mdogo wake wiki nzima asipoulizwa, wiki ya pili anaona heri akacheze. Akiulizwa kwa jina lake, "ukurasa ule wa sungura mliumaliza?", atarudi kuusoma.

Wadogo wanaotoka mapema

Katika shule nyingi watoto wa awali, darasa la kwanza na la pili hutoka mapema kuliko wakubwa. Kundi la njia kwa hiyo hukamilika asubuhi, likakatika mchana. Kuna namna tatu za kulitatua tatizo hilo. Kwanza, wadogo wa njia moja watoke pamoja, wasiachwe kutoka mmojammoja, na pale inapowezekana mzazi mmoja wa zamu awapokee. Pili, wenye safari ndefu wabaki shuleni kwenye kivuli wakichora na kutazama vitabu hadi wakubwa watoke, mradi chakula cha mchana kipo. Tatu, kwa njia fupi na salama, usomaji ubaki wa jioni nyumbani na wadogo warudi kama kawaida. Kamati iamue kwa kila njia peke yake, kwa kutazama ramani.

Wasiachwe pembeni

Kwenye ramani ya vijiti, waulize watoto pia habari za wasiosoma: nyumba gani ina mtoto wa umri wa shule ambaye haji? Majina hayo yapelekwe kwa mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata, kwani wapo wanaoweza kuingizwa kupitia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Mkoa una mfano wa kusoma pamoja wenye ulemavu na wasio nao katika Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko. Katika kundi la njia, mtoto asiyeona vizuri anaweza kuwa msimuliaji na mtunza kumbukumbu, asiyesikia akawa mchoraji wa kundi na mwalimu wa ishara kwa wenzake, na mwenye ualbino akapangiwa mahali pa kukutania penye kivuli na wenzake wasiomwacha nyuma. Mwulizeni yeye na wazazi wake anachopenda kufanya kabla ya kumpangia.

Watoto wa wafugaji wanaohama kwa msimu wawekewe nafasi yao. Jina lisifutwe kwenye orodha ya njia. Mtoto akirudi, mwenzake ndiye atakayemwonyesha walipofika.

Usalama kwanza

Ushirikiano wa watoto usigeuke njia ya watu wazima kukwepa wajibu. Kamati ya shule ipitishe masharti haya kabla ya kuanza:

- Watoto watembee kwa kundi, wasitumwe wawili wawili mahali pa faragha. Usomaji ufanyike barazani, mtu mzima akiwa karibu, na umalizike kabla ya giza.
- Mvua ikinyesha na korongo likijaa, hakuna anayevuka. Kila kundi liwe na nyumba moja iliyokubaliwa ya kusubiria.
- Kwenye barabara kuu, kama ile ya Dodoma kwenda Singida hadi Nzega, watoto watembee mstari mmoja wakitazamana na magari yanayokuja, na kwenye kuvuka awepo mtu mzima.
- Hakuna lifti ya bodaboda au gari la mtu bila ruhusa ya mzazi.
- Kundi lisitumiwe kupalilia shamba la mwalimu, kumtekea mtu maji wala kukusanya michango. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma.
- Kazi zigawanywe sawa. Ikiwa kila wiki wasichana ndio wanaofagia na wavulana ndio wanaosoma, simamisheni mpange upya.
- Mtoto akieleza kwamba amepigwa, ameshikwashikwa au ametishwa, apelekwe kwa mwalimu wa malezi siku hiyohiyo, na kwa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya Mtoto ni 116, haina malipo. Namba hiyo ifundishwe hadi darasa la kwanza waijue kama wanavyojua majina yao.

Mzungumzeje na wazazi

Msianze mkutano kwa neno mchango. Wazazi wa Singida wameshajenga madarasa kwa kubeba mawe na mchanga, na wanajua kinachofuata neno hilo. Ombeni vitu vitatu visivyogharimu shilingi: baraza moja kila njia la watoto kusomea, nusu saa ya jioni mbili ambayo mtoto hatatumwa, na mtu mzima mmoja wa zamu msimu wa mvua. Shule zenye Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA, zina mahali pazuri pa kulileta jambo hili.

Mtakutana na maswali. Mzazi wa kinara atauliza kwa nini mwanawe apoteze muda kufundisha watoto wa watu ilhali ana mtihani. Mjibuni kwa mfano: anayemweleza mwenzake jinsi ya kugawa namba hulazimika kuielewa kwanza, na akikwama anagundua asichokijua mapema, kabla ya Septemba. Hata hivyo mpeni ahueni: kuanzia Julai wa darasa la mwisho wapunguziwe zamu, warithi wao washike. Mwingine atauliza mtoto akiumia njiani atalaumiwa nani. Jibu liwe moja kwa wote: kinara ni mtoto, hawezi kulaumiwa kwa jambo la watu wazima. Liandikwe kwenye muhtasari.

Shule na shule

Makundi yakizoea, yaunganisheni na ya shule nyingine. Njia rahisi ni barua. Watoto wanaokaa kando ya Ziwa Singidani wawaandikie wa Itigi, wawaeleze samaki na ndege wa ziwani. Wa Itigi wajibu habari za mizinga na asali. Barua zikusanywe kwenye bahasha moja, zipite kwa Maafisa Elimu Kata wakienda vikaoni. Walimu wazisome kwanza, na zisitaje mahali mtoto anapolala wala namba ya simu. Palipo na shule shikizi, kundi la njia ni daraja: wadogo wanaosoma pale wakijuana mapema na wakubwa wa shule mama, siku ya kuhamia hawatakuwa wageni.

Mwaka mmoja kwa ufupi

Januari: ramani, makundi, vinara, na mkutano wa wazazi. Februari na Machi: kuhesabiana asubuhi tu, na masharti ya makorongo. Aprili na Mei: mfuko wa vitabu kwa kundi moja au mawili, kisha mengine. Likizo ya Juni: habari za wazee, kwa kuwa mavuno yamewakusanya watu nyumbani. Julai na Agosti: warithi wa vinara wanafundishwa na wanaoondoka. Septemba: kukabidhiana mfuko na daftari mbele ya shule nzima. Oktoba na Novemba: barua, michezo, tathmini. Desemba, kabla ya kufunga: kila njia inaandika majina ya watoto watakaoanza awali na darasa la kwanza mwakani.

Tathmini haihitaji mtaalamu. Fungueni daftari la mahudhurio mlinganishe mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, kwa kila njia. Wachukueni watoto wa darasa la pili wa kila kundi wasome ukurasa mmoja, mwezi wa Aprili na tena Oktoba. Hesabuni vitabu vilivyorudi. Kisha waulizeni wadogo, bila vinara kuwapo, kama wanapenda kutembea na kundi lao. Wakisita, msiendelee hadi mjue sababu.

Orodha ile ya Desemba isikae kabatini. Siku ya kufungua shule Januari, kundi lipite mlangoni pa kila mtoto mpya na kumwita kwa jina, mama yake akimfunga kifungo cha mwisho cha sare. Atafika shuleni akiwa anamjua mtu mmoja aliye mkubwa, na amejifunza njia.